Shabaha za Chuma za Sajenti Nanok

Jumanne, 4 Februari 2025
Alhamdulillahi, jicho liko! Daktari anasema kipande cha risasi kilipita juu ya nyusi ya mdogo wangu Guracha, kikachana ngozi tu. Nyuzi nne. Nililia mbele ya watu pale hospitalini, aproni ya kazi bado mwilini. Aibu gani hii.

Lakini makosa ni yangu. Polisi wa akiba waliniagiza sahani tano za chuma za kulengea bunduki, kule uwanja wao njia ya Gotu. Nikazichomelea kwenye fremu, zikakaza kabisa. Miaka tisa wateja wananiambia, Bisharo, geti lisipige kelele. Basi nikatengeneza shabaha kama geti! Risasi ya Guracha, naye ni mmoja wao, ikagonga, chuma hakikusogea hata kidogo, vipande vikamrudia yeye.

Jumatano, 5 Februari
Sajenti Nanok, mkufunzi wao, amekuja kibandani. Nilingoja matusi. Akasema tu chuma ni kizuri, ubaya ni kilivyofungwa. Kiyumbe, na uso uinamie chini kidogo, vipande viende mchangani. Akataka nifunge upya mimi mwenyewe, na siku ya kujaribu nisimame naye kwenye mstari wa kupigia. Nikakubali kabla ya kufikiri.

Mama haongei na mimi.

Alhamisi, 6 Februari
Minyororo! Nilizitundika sahani kwa minyororo, nikajiona mjanja sana. Risasi ya sita ikakata pete ya mnyororo, sahani chini puu. Sajenti akacheka mpaka akakaa.

Jumamosi, 8 Februari
Kiatu kimekatika, nikapita kwa Lokuruka, yule mshona akala, viatu vya tairi, wa sokoni. Anakata tairi la lori huku ananitania — eti fundi wa chuma ameshindwa na chuma. Nikamuuliza, msumari ukipita kwa akala inakuwa nini?

"Unang'oa tu. Shimo inajifunga, unatembea mpaka Kipsing."

Basi hata risasi ikipita, tairi halitakatika kama mnyororo! Nimenunua kanda kumi, za tairi lisilo na waya ndani. Ukanda nimeufunga nyuma ya sahani kwa bolti, sio mbele. Nikaitundika kwa ukanda — uso wa sahani ukainama chini wenyewe! Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mama ameleta chai. Sukari ilikuwa nyingi.

Jumatatu, 10 Februari, uwanjani
Risasi mia mbili! Ukanda mmoja una matundu saba na bado unashika. Sahani zinalia ngee, zinayumba, zinatulia. Vipande vyote mchangani, chini ya fremu. Nimekagua kwa mkono wangu. Nimeshusha pumzi ya wiki nzima.

Sasa Guracha huyu hapa, kaja na pikipiki, bandeji juu ya jicho. Anataka kupiga. Anasema asipopiga leo ataogopa bunduki maisha yake yote. Sajenti anageuka. Ananiangalia mimi.

"Fundi, hiyo chuma ni yako. Sema."

Naandika nimesimama, mwandiko mbaya, lakini moyo umetulia — ajabu. Nimesema apige. Amevaa miwani, amelala kifudifudi. Wenzake wote wamejificha nyuma ya Land Cruiser, wananiita, dada njoo huku!

Siendi. Nimesimama hapa kando yake, na anavuta pumzi —