Baba Kaenda Kipimo, Msiwashe Mashine

Mama, ukirudi kutoka kazini ukakuta jikoni hakuna kitu, usishtuke. Hatujaibiwa. Chakula nimekificha mimi jana. Mkate uko kwenye mashine ya kufulia, kwa hiyo msiiwashe. Mayai yamo ndani ya mabuti ya Kaka. Ndizi sikumbuki, fuateni harufu.

Si daktari alisema Baba asile chochote kabla ya kipimo? Sasa leo alfajiri namkuta kapiga magoti mbele ya mashine, mkate mkononi. Nikamwambia, "Mzee, miezi miwili tumesubiri tarehe hii." Akaniuliza taratibu, "Nikila, si wataahirisha?"

Kumbe siyo njaa. Ni woga.

Basi nikaurudisha mkate, nikamwonyesha kipimo chenyewe kwenye simu. Wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo, wanaingiza dawa ya rangi, eksirei inapiga picha, palipoziba panaonekana. Video ya kwanza alifumba macho. Ya nne akawa anamwelekeza daktari wa kwenye video, "Kata kushoto hapo, kijana."

~~Mama, usimcheke.~~ Mcheke kidogo tu. Ametoka mwenyewe, kanitangulia mlangoni, ananiambia mimi ndiye ninayetetemeka. Sawa, ni kweli.

Akirudi anywe maji mengi, na mkono ule asibebee kitu. Mchemshie mayai mawili, nimemwahidi.

Kama Kaka hajavaa mabuti.

Kitindamimba wako