Vespa Haiuzwi

Baba Raghad,

Chai imo kwenye chupa. Dawa ya mguu umeze ukishakula. ~~Mnunuzi wa vespa anakuja saa kumi, mpe ufunguo.~~ Haji tena.

Asubuhi uliponambia, "Iuze, mguu huu haupandi tena," nilihamaki, nikampigia mnunuzi. Akataka itiwe petroli kidogo aijaribu. Nikaikokota mpaka pampu ya Darsait. Mhudumu akauliza, "Kidogo tu?" Maneno yakanitoka: "Jaza ile nzuri, mumtaz, mpaka juu. Inalala msimu wote wa baridi, mume wangu anauguza mguu." Akasema vyema, tangi likijaa haliingii kutu, akanipa na dawa ya kutia ndani petroli isichache. Hapo hapo nikampigia tena mnunuzi, nikamwambia asije.

Daktari kasema usipande miezi mitatu, hakusema ndiyo basi. Usishuke ngazi peke yako kwenda kuiona. Nikirudi kazini ntakushika mkono.

Mama Raghad