Sinema ya Majini Niliyoitazama Mpaka Mwisho

Korogwe, Jumamosi. Manyunyu tangu alfajiri, matope mpaka ndani ya kambi ya mkonge.

Kutoka Mombo mpaka Handeni hajazaliwa mwanamume mwenye moyo kama wangu. Jini akikutana nami njiani, yeye ndiye atakayenipisha. Nasema hivi mimi niliyeishia darasa la tatu, na mwalimu abishe akitaka.

Jioni hii nimetazama sinema ya majini katika ghala la Mhindi, mwanzo mpaka mwisho. Maiti kafufuka kaburini, ananyoosha makucha. Wakata mkonge wenzangu, mijitu yenye mikono kama magogo, wakapiga kelele na kukanyagana mlangoni. Mimi nipo kwenye benchi, natafuna karanga.

"Mhina, huogopi?" Singano, mkata mkonge mwenzangu, akaniuliza, yeye yuko chini ya benchi.

"Niogope nini? Mtu mwenyewe hana hata meno ya maana."

Utotoni nisingethubutu. Gari la sinema la serikali lilipokuja kwetu Handeni, walitundika kitambaa cheupe kati ya miti miwili, Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, kakaa mbele kwenye kiti chake. Kitambaa kile nilikijua: bafta, kama ile ya sanda aliyozikwa nayo babu. Nikaona basi, wanaotembea mle ni wafu, na babu anatokea sasa hivi. Na sinema yenyewe ilikuwa ya kulima matuta! Nikalia mpaka kaptula ikalowa. Watu wakacheka.

Dada Mwanaidi hakucheka. Akanifunika kwa kanga yake. "Jifiche humu, mdogo wangu. Mimi nitakusimulia."

Ikawa hivyo kila gari lilipokuja. Yeye anatazama, mimi nasikiliza sauti yake. "Siku ukitazama mwenyewe," aliniambia, "utanisimulia wewe."

Leo nimetazama. Hadithi nzima ninayo mdomoni, na sina wa kumpa.

Dada tumemzika Jumanne. Uzazi ulimshinda, yeye na mtoto wake.

Najua watakavyosema: ndugu wa marehemu, msiba haujapoa, kakimbilia sinema. Waseme. Nilikwenda kujipima, kwa sababu ya Jumanne.

Kwetu, kabla uso haujafunikwa, ndugu huitwa waage. Mjomba alitoka mlangoni. "Mhina, ingia umtazame dada yako. Tunakungoja wewe tu."

"Naam, mjomba, nakuja."

Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikashika shoka, nikaanza kupasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Walingoja. Nilimsikia mama akiniita kwa jina langu la utotoni, mara ya kwanza kwa upole, halafu kwa kilio. Nikazidi kupasua. Nilipowasikia wanainua jeneza, bado nilikuwa napasua.

Maiti wa sinema nimemkodolea macho bila kupepesa.

Dada yangu niliogopa kumtazama.