Bega Lipi Limepona?

Mjukuu wangu Tumaini,

Bwana asifiwe. Bibi yako mzima, na kahawa imechanua. Umeuliza urudi lini kwenye ngumi baada ya bega kuteguka.

Langu la kulia liliteguka nikiwa bondia hapa Vwawa. Pambano la Tunduma lilikaribia, nikamdanganya kocha kwamba nimepona. Jumapili mchungaji akasema, "Aliyeponywa anyooshe mkono tumshukuru Mungu." Nikanyoosha wa kushoto!

Kocha, aliyeketi nyuma yangu, akaninong'oneza, "We bondia, kwani liliteguka lipi?" Tulicheka mpaka mchungaji akatukazia macho.

Pambano lile likanipita. Nilirudi ulingoni baada ya mavuno, mkono wa kulia ulipopanda wenyewe tukiimba pambio kanisani. Nikapigwa kwa pointi, nikarudi nyumbani naimba, maana bega halikuuma.

Babu yako anayekuombea