Lugha ya Watu Wawili

Likoni, Alhamisi, 1943. Manyunyu tangu alfajiri.

Leo nimejionea aibu. Bora niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Ami Tadros, fundi mwenzangu ninayeshona naye sare za askari wa vita hivi, ni Mkristo wa Misri. Kwao kuna lugha ya kale, Kikopti, iliyobaki kanisani tu. Majumbani watu husema Kiarabu. Yeye hakubali. Miaka yote hii anaiundia maneno ya leo, ya cherehani, ya simu, ya chai ya maziwa, kana kwamba lugha hiyo haijaacha kusemwa sokoni hata siku moja. Huyaandika katika daftari. Na kila kipande tukikata, hukiandika jina lake la Kikopti kwa chaki: kola, mkono, mfuko.

Mimi nilijifunza kuyasoma kwa mzaha, nisichoke na kazi. Kisha yakanikaa moyoni. Mtu anaishi chumba cha kupanga, hana mke wala mtoto, naye anawatengenezea maneno watu ambao hata hawajazaliwa! Wallahi, mimi nisingeweza.

Chaki ile, mwenye kuifuta kabla sare hazijapelekwa kambini kwa askari ni mimi. Juzi nilisahau.

Asubuhi wakaja watu wawili wa kambini na koti lenye maandishi kwa ndani. Wakasema ni siri za adui. Wakamchukua Ami Tadros na daftari lake. Alinitazama mara moja tu, nami nikainamia cherehani kama simjui.

Nilishona mfuko mzima hivyo.

Halafu nikashindwa. Nikaacha kila kitu, nikaenda kambini na mvua ile ile, nikamwambia afisa kwamba yale si siri, ni lugha.

"Lugha gani ya mtu mmoja?" akauliza.

"Ya watu wawili, bwana," nikasema.

Akaniweka nje, akamwamuru Ami Tadros chumbani aandike lolote na amweleze maana yake, kisha nami niletewe nilisome. Hapo niliogopa kweli. Sijui sala zao, sijui maneno yake ya simu wala ya gari la moshi. Najua ya ushonaji tu. Akiandika jambo kubwa, tumekwisha sote wawili.

Karatasi ikaletwa. Alikuwa ameandika yale anayoniambia kila siku ya Mungu: "Kola yako imekwenda upande. Fumua."

Nilipoeleza, maana ikawa ile ile aliyoitoa Ami; afisa alicheka, akarudisha daftari.

Njiani nilimwomba Ami radhi, kwa chaki na kwa kuinama kule. Tulipofika akavaa miwani, akaligeuza koti nililoliacha. Mfuko niliokuwa nikijificha nao ulikuwa umepinda. Akaniambia kwa Kikopti chake nifumue.

Nikafumua, na nikamwitikia kwa Kikopti hicho hicho, bila kucheka.

Kesho nitamwuliza radhi huombwaje kwa lugha ile, kisha nimwombe tena.