Kufuli la Stoo

Mjomba, shikamoo.

Huku tu wazima. Goti la mama limepata nafuu. Ufunguo wa stoo ulioagiza nikabidhiwe nimeupokea.

Unaujua mchezo wangu wa kufungua makufuli kwa waya. Ya mtaa mzima niliyamaliza, likabaki lako, lile la bei mbaya ulilojisifu halifunguki bila ufunguo. Miezi minne, wenzangu wa kazini wakienda kula, mimi nilibaki nalo, nikizisikiliza pini za ndani yake zikipanda moja moja. Jumanne ile likaachia! Kwa furaha nikatoka mbio kutafuta mtu aje aone, nikaliacha linaning'inia wazi. Niliporudi, msimamizi alishalikuta.

Hakikupotea kitu. Lakini mlisema mwenye ufunguo ni mtunza stoo peke yake, basi ni yeye. Kazi ya miaka kumi na tisa ikaishia hapo. Akiuweka ufunguo mezani alinigeukia: "Mwanangu, wewe unanijua. Waambie." Nikainamisha kichwa, waya umo mfukoni.

Mjomba, mrudishe kazini, na ufunguo apewe yeye. Mimi siuhitaji.

Mpwa wako