Matobolwa Yako na Mashine Yetu

Mama yangu mpenzi,

Friji yako imekufa, ile uliyokuwa ukiipiga teke ikianza kukoroma. Nilipoona barafu inayeyuka moyo ulinidunda, kwa sababu chini kabisa kulikuwa na bakuli la agatogo yako: ndizi, maharage na dodo, ule mchicha wetu, uliyopika Jumapili ile kabla ya kulazwa hospitali usirudi. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Baba alikuwa akifungua friji, anaitazama, anafunga.

Nikamuuliza tufanye nini.

"Weka ku jua," akasema. "Si mama yako alikuwa anakausha kila kitu?"

Ungecheka, Mama. Agatogo iliyopikwa, juani! Nzi wote wa soko la Kimironko wangehamia kwetu. Lakini nilimwelewa. Wewe uliyekulia Tabora ukarudi Kigali na ufundi wa matobolwa, hukuwahi kushindwa na chakula. Kila kiangazi ulichemsha viazi vitamu, ukavimenya, ukavikata vipande na kuvianika juu ya bati la jiko. Ulibonyeza kipande kwa kidole gumba, ukasema, "Bado kinalia," yaani maji yamo, kisitolewe. Mawingu yakijikusanya, nyumba nzima ilikimbia kuanua. Tulitafuna mpaka mataya yakauma, nawe ukitucheka.

Sasa, kazini kwetu, tunakokausha mananasi, tumeletewa mashine ya kukausha isiyojua jua ni nini. Inagandisha chakula, kisha inafyonza hewa yote iliyokizunguka, na barafu inatoka ikiwa mvuke bila kwanza kuwa maji. Nilimbembeleza bosi, akanipa trei moja. Nilipita mbele ya mlango wa mashine mara nyingi kuliko kazi ilivyonitaka. Chakula kile kingeharibika, mkono wako tusingeuonja tena.

Ilitoka salama. Dodo ilikuwa kijani vilevile, maharage mazima, na trei ilikuwa nyepesi kama maganda ya karanga. Nilistaajabu, sikufichi. Lakini kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyokustaajabia wewe. Kipaji cha mashine ni kutobadilisha kitu: ukirudisha maji, chakula kinarudi kilivyokuwa. Kiazi chako hata ukikiloweka hakirudi kuwa kiazi. Kilikunjamana, kikaiva rangi, utamu ukajikusanya ndani, kikawa chakula kingine kabisa mlichokitengeneza wewe na jua. Mananasi nitaipa mashine, nanasi linabaki na harufu yake. Viazi ni vyako, na sitaki mabishano.

Nikaifunga agatogo vizuri kwenye mfuko, nikamwambia Baba kwamba sasa inaweza kukaa miaka. Akaupima mfuko mkononi.

"Miaka ya nini, Aline? Mama yako alipika tukule. Reta maji ya moto."

Nilitaka kumkatalia, Mama. Nilitaka nikufungie kabatini uwe wangu nikiwa mzee. Lakini Baba alikuwa ameshavuta kiti, na tangu tukuzike sijamwona akikisogelea chakula kwa hiari. Nikamimina maji. Maharage yakalainika, ndizi zikajaa, na harufu ikapanda: nyanya, kitunguu, na ile pilipili uliyokuwa ukikataa kwamba umeitia. Tulikula sahani moja, tukilia bila kuoneana aibu. Nilijua ndiyo mwisho, nikatafuna polepole. Yeye alikula kama mtu mwenye njaa.

Alipomaliza alipitisha kidole kwenye sahani, akanitazama.

"Iko ingine?"

"Iko, Baba," nikasema. "Subiri kidogo."

Nikaenda kumenya ndizi. Maharage yanachemka ninapokuandikia, na Baba bado yuko mezani, hajaondoka. Pumzika, Mama. Leo jikoni niko mimi.

Kitindamimba wako,
Aline